Lile jengo la zamani chini ya Nyayo House: mtu wa kawaida huingia?

fundi_mwashi_mvita:

Assalam aleikum, wadau. Mwezi ujao nakuja Nairobi na mamangu. Tuna arusi South C siku ya Jumamosi, na treni ya kurudi Mombasa tumekata ya Jumatatu, kwa hivyo Jumapili nzima hatuna shughuli. Mamangu hataki kusikia habari za maduka makubwa. Asema maduka hata Nyali yako.

Kila nikipanda matatu kwenda Westlands, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, huliona jengo fupi la mawe limejikalia chini ya Nyayo House. Nimesikia lilikuwa afisi ya PC, yaani Mkuu wa Mkoa, zamani za Mwingereza. Kazi yangu ni uashi, natengeneza nyumba kongwe za Mji wa Kale, kwa hivyo jiwe likiwa zee siwezi kulipita hivi hivi. Je, mtu wa kawaida huruhusiwa kuingia? Na kuna cha kuona, ama ni kuta tupu?

Nauliza kwa sababu nimekulia karibu na Fort Jesus na nayajua maonyesho ya namna hii. Mgeni huelezwa Mreno alivyoanza kujenga 1593, huelezwa Mwarabu alivyoizingira tangu 1696 mpaka akaitwaa 1698, akatoka hapo kichwa kimejaa mizinga. Kwamba Mwingereza aliigeuza ngome hiyo jela tangu 1895 hadi 1958 ni sentensi moja, tena inasemwa mkielekea mlangoni. Na hao ndio waliofungwa juzi, wajukuu wao tunaswali nao. Sitaki kuja Nairobi kulipia hadithi ya namna hiyo tena.

mtu_wa_tao:

Fundi karibu. Siku hizi panaitwa Nairobi Gallery, pako chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Unaingia tu kama raia, kitambulisho mkononi, na malipo ni kwa simu, so usije na noti ukingoja chenji. Mkenya analipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Huwa wazi kila siku kutoka saa mbili unusu asubuhi hadi saa kumi na moja unusu jioni, Jumapili pia.

Kitu kimoja: ndani piga picha zako vile utaruhusiwa, lakini ukitoka usianze kuelekeza simu juu kwa ofisi za serikali. Askari akikuita hapo utaeleza arusi, utaeleza mamako, na bado utafuta hizo picha.

Kuhusu cha kuona, mimi niliona ni vitu poa vya sanaa. Historia ya jengo yenyewe sikumbuki kama niliisoma popote. Nilikuwa na msichana pia, so labda sikuwa makini.

Mwalimu_wa_Kaloleni:

Mwanangu fundi, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa hiyo univumilie. Nimefundisha shule ya msingi hapa Nairobi mpaka nikastaafu, na darasa la saba nililipeleka pale mara nyingi. Mtu_wa_tao amekueleza ya mlangoni. Mimi nikueleze ya ndani, kisha nikueleze ambayo hayamo ndani.

Jengo lilijengwa 1913. Ni la chini, halina ghorofa, na vyumba vyake vimezunguka ukumbi wa katikati wenye kuba. Simama chini ya kuba hiyo utazame juu kwanza kabla hujaangalia kitu kingine chochote. Wewe utaelewa mambo ambayo mimi huona tu kwamba yanapendeza. Hapo pia utaonyeshwa alama ya Point Zero, yaani mahali ambapo umbali wa barabara za nchi huhesabiwa kutoka. Zile kilomita 480 na ushei mnazosoma mkienda na kurudi kwenu huanzia hapo, kwenye mlango wa PC. Haikuwa bahati nasibu. Aliyepima nchi aliweka sufuri pale alipokaa.

Ofisi ilibaki ya Mkuu wa Mkoa hata baada ya uhuru, mpaka Nyayo House ilipokamilika 1983, wakuu wakahamia humo ghorofani. Jengo likatangazwa kuwa mnara wa kitaifa 1995, na likafunguliwa kama makumbusho 2005. Tangu 2013 vyumba vingi vimekaa mkusanyiko wa Joseph Murumbi na mkewe Sheila: samani, vitambaa, vito, sanaa za kila pembe ya Afrika, stempu. Murumbi ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili, mwaka 1966, akaketi miezi michache tu kisha akajiuzulu. Babake Mgoa, mamake Mmaasai. Wenzake wa KAU, chama cha siasa cha Waafrika enzi hizo, walipokamatwa 1952, yeye ndiye aliyebaki akikishika chama kama kaimu katibu mkuu, kisha akaenda Uingereza akawa huko miaka mingi akitetea nchi hii. Baada ya siasa akakusanya. Mwaka 1972 alianzisha African Heritage pamoja na Alan Donovan, na ni Donovan huyo aliyekuja kuvipanga vitu hivyo pale.

Mamako atavipenda. Hasa nguo na vito, mpe muda.

Sasa yale ambayo hayamo. Wazungu wa zamani waliliita jengo hilo kwa utani wenye vina, maana yake ni kwamba humo ndimo watu walimoandikishwa kuzaliwa, kuoana na kufa. Utani huo utausikia ukienda, kila anayekutembeza huusema na watu hucheka. Nami niliusema hivyo hivyo darasani, mpaka siku mtoto mmoja, mdogo wa umbo, wa kuketi nyuma, akaniuliza tukiwa pale pale: "Mwalimu, babu yangu aliandikwa chumba gani?"

Jibu ni kwamba hakuandikwa chumba chochote. Kusajili mtoto aliyezaliwa kulikuwa lazima kwa Mzungu, baadaye na kwa Mhindi. Mwafrika hakulazimishwa, maana yake hakuhesabiwa, na sheria hiyo haikuenea nchi nzima mpaka 1971, miaka minane baada ya bendera kupandishwa. Babangu mimi alizaliwa "mwaka wa nzige", basi. Hana cheti mpaka leo kaburini.

Lakini usidhani serikali haikumwandika. Ilimwandika vizuri sana, ila ng'ambo ya barabara. Ukitoka kwenye Gallery, fuata Kenyatta Avenue kuingia mjini. Upande wa kushoto, kwenye kona ya Loita Street, utaona jengo la mawe lenye mnara. Leo ni tawi la benki ya KCB, jina lake bado ni Kipande House. Nalo ni la 1913, mwaka ule ule. Fundi aliyelichora ni Gurdit Singh Nayar, na lilijengwa kama ghala, kwa sababu reli ya kwenda Uganda enzi hizo ilipita pale ilipo Uhuru Highway. Kisha likawa mahali pa kuandikishia vipande. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka kumi na sita alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake, kabila lake, nani alimwajiri, mshahara gani, na ameondoka lini. Karatasi ikatiwa kwenye kikopo cha bati chenye kamba, kikopo shingoni. Ukiondoka kazini bwana hajatia sahihi, wewe ni mhalifu wa kutafutwa, na vidole vyako wanavyo.

Kwa hiyo serikali ile haikujua babangu alizaliwa siku gani, lakini ilizijua alama za vidole vyake. Alikivaa kipande mpaka kilipofutwa 1947, kikaletwa kitambulisho cha watu wa rangi zote, na walowezi wakapiga kelele magazetini kwamba wao kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa.

Majengo hayo mawili yanatazamana, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Moja lina tiketi na kuba na stempu. Lingine lina mashine ya kutolea pesa. Ukiingia moja tu hujaliona hata hilo moja. Mimi tangu siku ile ya yule mtoto nilianza safari ya darasa kwenye kona ya benki, watoto wasimame kwa mstari kama babu zao, nimwambie kila mmoja atazame ncha za vidole vyake. Kisha ndipo twende kwa PC.

mtu_wa_tao:

Mwalimu, nimefanya banking hapo miaka na miaka na jina la hilo jengo sijawahi hata kuliuliza. Nilidhani kipande ni ya mkate.

Zee_la_Embakasi:

Mimi nitasema wazi. Kulipa hela yangu nikaangalie ofisi ya mtu aliyemfunga babu yangu kamba ni kujitukana. Libomolewe, pale ni katikati ya mji, ardhi ile ina thamani ya mabilioni. Jengeni hospitali. Historia iko vitabuni, anayetaka asome.

Mwalimu_wa_Kaloleni:

Mzee wangu, hasira yako naiheshimu, hata mimi ninayo. Lakini nchi hii kubomoa tumeshajaribu, tuangalie kilichotokea. Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na vilivyomo, kwa makubaliano kwamba patakuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika. Taasisi haikuonekana. Nyumba ikaja kubomolewa. Vitabu vyake na karatasi zake wakazipokea Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, nazo zimekaa kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa benki. Sehemu nyingine ya mkusanyiko wake ndiyo iliyokuja kupewa vyumba kwa PC. Mzalendo nyumba yake imekwenda, amekuwa mpangaji kwenye ofisi ya mkoloni. Na hospitali haikujengwa Muthaiga.

Isitoshe, Mzee, ukilibomoa hilo fupi kutabaki lile refu la jirani. Vyumba vya chini ya Nyayo House havikujengwa na Mwingereza. Watu waliteswa humo miaka ya themanini tukiwa tumejitawala miaka ishirini na ushei, na mahakama zetu wenyewe zimewapa fidia baadhi ya walionusurika. Vilifunguliwa watu wakaviona 2003, lakini si mahali pa kwenda Jumapili ukakata tiketi. Ningependa pawe. Ningelipia.

Zee_la_Embakasi:

Hilo la Nyayo House umenishinda nalo. Kuna jamaa yetu alipelekwa huko. Hapendi hata kupita barabara ile, huzunguka na Moi Avenue. La PC bado nasema libomolewe.

mkuu_wa_Ngarenaro:

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Mada nzuri sana hii, na huku kwetu hali ni hiyo hiyo. Boma la Mjerumani lililoko mwisho wa Boma Road lilijengwa 1900, Waarusha na Wameru wakitumikishwa kwa nguvu kubeba mawe, baada ya Mjerumani kuwapiga na kuwachomea. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Mangi Meli na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha walinyongwa kule Old Moshi. Leo Boma ni makumbusho ya elimu viumbe, tangu 1987. Historia ya Mjerumani ipo ndani, siwezi kusema wameificha. Lakini mtalii anayesubiri kwenda Serengeti anaingia, anapiga picha na nyayo za Laetoli, za miaka milioni tatu na laki sita, anatoka ameridhika. Nyayo za watu waliobeba yale mawe hazijaganda kwenye majivu, sasa nani atazionyesha?

Mwalimu, swali dogo. Ile sanamu ya maaskari watatu pale Nairobi nayo iko barabara hiyo hiyo? Mimi naijua ya Dar tu, ya 1927, askari mmoja na singe yake.

Mwalimu_wa_Kaloleni:

Barabara hiyo hiyo, mkuu, na mchongaji ni yule yule, Mwingereza James Alexander Stevenson. Yetu ilizinduliwa 1928. Iko mbele kidogo ya Kipande House ukielekea mjini. Imeandikwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, wakisifiwa askari na wapagazi waliopigana na waliobeba mizigo katika vita vya kwanza. Hesabu miaka hapo: wapagazi walikufa kwa maelfu 1914 hadi 1918, waliorudi wakavishwa vipande kuanzia 1919, halafu 1928 wakajengewa sanamu. Yote haya katika mtaa mmoja ambao enzi hizo ulikuja kuitwa Delamere Avenue.

Ndiyo maana mimi husema afadhali kutembea barabara kuliko kukata tiketi. Lakini kata pia.

fundi_mwashi_mvita:

Jamani, ahsanteni, wallahi sikutarajia. Mwalimu, shikamoo. Nimemsomea mamangu jibu lako lote kwa sauti, amenyamaza, kisha akasema babake alikuwa nacho hicho kikopo, alifanya kazi bandarini Kilindini. Mimi sijawahi kuambiwa hilo maishani. Miaka yote hii twakaa nyumba moja.

Sasa amebadilisha safari. Asema hiyo benki ndiyo anayoitaka, hayo mengine baadaye. Mimi bado nataka kuba. Ila ana magoti mabovu, kusimama sana hawezi. Na Jumapili benki itakuwa imefungwa, sivyo? Tupange vipi?

Na swali la kazi, samahani. Kwetu Mji wa Kale ni matumbawe na chokaa. Mtu akija akapiga saruji juu ya ukuta wa matumbawe, chumvi haina pa kutokea, na baada ya masika chache ukuta waanza kumomonyoka kwa ndani huku nje wang'ara. Hilo jengo la PC kuta zake zimeachwa wazi jiwe lionekane, ama zimepigwa plasta?

Mwalimu_wa_Kaloleni:

Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu, na umwambie akikumbuka jina la aliyemwajiri babake aliandike mahali leo, asingoje kesho.

Jiwe linaonekana. Limechongwa na kupangwa kwa safu, si kama la kwenu. Utaligusa mwenyewe.

Kupanga: benki imefungwa Jumapili, lakini ulichohitaji kuona kiko nje. Ndani ni kaunta kama za benki yoyote. Nendeni asubuhi, Jumapili mjini magari ni machache, teksi inaweza kusimama karibu kabisa na kona ya Loita Street. Mama ashuke hapo, atazame mnara, akae ndani ya gari akichoka. Kisha vukeni Kenyatta Avenue kwenye taa, si katikati, mwende Gallery. Ndani hakuna ghorofa ya kupanda, na wahudumu nimewaona wakimletea kiti mtu mzima akiomba. Mwache kwenye vyumba vya Murumbi, wewe nenda kwenye kuba yako. Watembezaji wapo wanaojua sana, uliza moja kwa moja: PC alikaa chumba gani, na watu walisubiri wapi? Usipouliza utapewa stempu.

Maktaba ya McMillan, ya 1931, iko mitaa michache tu kutoka hapo, na ngazi zake zina simba wa mawe, ila Jumapili haifunguliwi. Mtaiona kwa nje mkipita. Hiyo nayo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kwa miaka mingi, lakini tusianze.

Mkibaki na nguvu alasiri, chukueni gari hadi City Park, Parklands. Murumbi na Sheila wamezikwa ukingoni mwa bustani hiyo, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto aliyepigwa risasi Februari 1965. Pana sanamu na vivuli vizuri, na mama atapata pa kukaa.

mtu_wa_tao:

City Park naongeza: msibebe ndizi kwa mkono. Tumbili wa pale hawajui heshima ya wazee. Shangazi yangu alinyang'anywa mfuko mzima wa njugu na hakuna aliyemsaidia, sote tulikuwa tunacheka.

fundi_mwashi_mvita:

Mamangu asema tumbili amewazoea, Kisauni wako wengi. Atakuja na bakora.